Kilo na Ratili

Majirani wa Buguruni waliomjua Hamisa Mbwana tangu utotoni walimjua kwa wasiwasi wake. Akizima koroboi atalala, kisha atainuka kuigusa kama imepoa. Akifunga mlango atarudi kuusukuma. Mama yake, Bi Mwajabu, aliyekuwa akishona sare za shule barazani, aliwaambia wageni kwamba huyu mwanangu kazaliwa na hofu kama wengine wanavyozaliwa na baka.

Hofu hiyo ilipata sababu alipokuwa kidato cha nne. Baba yake alifanya kazi kiwanda cha nguo, na kiwanda kikapata mmiliki mpya. Asubuhi moja mzee aliondoka kama kawaida, na kabla ya adhuhuri akarudi, ovaroli kaikunja mkononi. Hakugombana na mtu wala hakufukuzwa kwa kosa. Waliambiwa tu kwamba mashine mpya zinakuja na watu watapunguzwa. Njaa haikumtisha sana Hamisa, kwa sababu cherehani ya mama iliwafikisha. Kilichomtisha ni ule ukimya. Jambo kubwa lilikuwa limevunjika bila kutoa sauti, na wao wakaja kujua limeshakwisha.

Mashine mpya zinakuja. Basi yeye akaenda kuzisomea. Miaka ile kila barabara ilikuwa na kibao cha mafunzo ya kompyuta, na vingi vilikuwa chumba kimoja na mashine mbili zinazogombaniwa. Hamisa alisoma katika vyumba vya namna hiyo, cha Ilala, kisha cha mjini, mpaka walimu wakaanza kumwachia yeye awafundishe wenzake. Alipokaribia miaka thelathini alikuwa anaandika programu, kazi ambayo Bi Mwajabu hakupata kuwaeleza majirani ikaeleweka. Alisema tu kwamba binti yake anaziandikia mashine maagizo.

Aliajiriwa Kinondoni, kwa Ansbert. Huyu alikuwa mtu wa Masasi, mrefu, mpole, aliyesoma ng'ambo na kurudi wakati serikali ilipolegeza masharti ya kuagiza kompyuta. Ofisi yake ilikuwa vyumba viwili nyuma ya nyumba ya mtu. Chumba cha mbele alikaa Demetria, aliyepokea simu. Cha nyuma ilikaa kompyuta kubwa na kiyoyozi chake, na ndani ya kompyuta hiyo kulikuwa na mamia ya programu zilizofungwa kama vifurushi: za uhasibu, za mishahara, za stoo, za zahanati na hospitali. Ofisi iliyohitaji programu haikungoja disketi kutoka Ulaya. Iliipigia mashine ya Ansbert kwa waya wa simu wa kawaida, ikaandika jina la kifurushi. Mashine ikakitafuta, ikatafuta na vifurushi vingine ambavyo hicho hakiwezi kufanya kazi bila kuwa navyo, kisha ikavituma vyote kwa mkupuo.

Ubovu ulikuwa kwenye kule kutafuta. Maelezo ya vifurushi vyote yalikaa katika faili moja refu, na kila jina lilipoulizwa mashine ilianza kulisoma faili tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Kifurushi kikiwa kinategemea vingine sita, ilisoma yote upya mara saba. Zamani vilipokuwa vichache hakuna aliyehisi. Sasa mteja aliweza kuagiza chai, akainywa, akarudisha kikombe, na skrini bado inamwambia asubiri.

Kisha zikaja mvua za El-Nino. Zilianza mwishoni mwa mwaka wa tisini na saba zikaingia na mwaka uliofuata, zikabomoa madaraja, zikajaza Bonde la Jangwani, na zikapenya hadi kwenye waya za simu zilizofukiwa chini. Laini ikawa inapatikana kwa kudonoa donoa. Mteja anapiga, mashine inaanza kutafuta, na kabla haijafika nusu ya faili simu imekatika. Anaanza upya, inakatika tena. Demetria alishinda akitukanwa na watu ambao hawajui hata sura yake.

Ansbert alimwita Hamisa, akamwambia kazi zote nyingine aziweke kando. Alitaka jina likiulizwa lipatikane papo hapo, ili hata laini ya kubahatisha itoshe.

Aliyeiandika programu ile ya kutafuta alikuwa ameshahamia Botswana, na hakuacha maelezo. Hamisa aliisoma mwenyewe, mstari kwa mstari, akakuta jambo lililomshangaza. Programu ilipolikuta jina inalolitafuta katikati ya faili, haikusimama. Iliendelea kusoma mpaka mwisho ndipo ikajibu. Aliona ni uvivu wa aliyeiandika. Akaitengenezea faharasa, kama ile ya nyuma ya kitabu: majina yote yamepangwa kwa alfabeti, na mbele ya kila jina mahali lilipo ndani ya faili. Mashine haikuhitaji tena kusoma chochote kirefu. Ilifungua faharasa, ikaruka moja kwa moja hadi kwenye kifurushi.

Alijaribu vifurushi kadhaa. Kila kimoja kilipatikana kabla hajaondoa kidole kwenye kibodi. Ansbert alisimama nyuma ya kiti chake akacheka kwa furaha, na Demetria akaitwa aje aone. Siku hiyo, Alhamisi, Hamisa alitoka kazini akihisi wepesi ambao hakuuzoea. Alikula, akaongea na mama yake mambo ya arusi ya jirani, akalala bila kuinuka. Kwa mara moja katika maisha yake hakurudi kuusukuma mlango.

Jumanne asubuhi Demetria aliingia chumba cha nyuma akicheka. Alisema kuna mwenye duka la mbao Magomeni kapiga simu kulalamika kwamba programu yake ya stoo, baada ya kuichukua upya, imerudia sura ya zamani, ile ya miaka miwili nyuma. Eti anauliza kama kompyuta nazo huwa zinarudi utotoni.

Ansbert alitabasamu. Hamisa hakutabasamu. Akamgeukia Ansbert na kumuuliza, kwa sauti aliyojitahidi iwe ya kawaida, kifurushi kikitoka toleo jipya huwa anafanyaje na lile la zamani.

Ansbert alijibu kwamba huliacha palepale. Jipya huliongeza chini, mwisho wa faili.

"Kwa hiyo jina moja linakuwemo mara mbili," alisema Hamisa.

"Mara mbili, tatu. La chini ndilo jipya." Kisha naye akawa ameelewa.

Ndiyo sababu programu ya zamani ilisoma mpaka mwisho. Haukuwa uvivu. Ilikuwa inatafuta la mwisho. Faharasa ya Hamisa ililishika jina la kwanza kuonekana, ikaishia hapo. Vile vifurushi alivyovijaribu vilikuwa na toleo moja moja tu, ndiyo maana havikumwonyesha kitu. Tangu Alhamisi kila aliyepiga simu kuomba programu yenye matoleo mawili alipewa ya zamani, kwa kasi ya ajabu, na mashine haikutoa onyo lolote.

Alifungua kumbukumbu ya simu zilizoingia. Wengi walikuwa maduka na maghala, na hasara yao ingekuwa sura mbaya ya skrini. Macho yake yalikuwa yakishuka huku akijiambia kwamba pengine ni hayo tu, pengine ni hayo tu. Kisha akaona hospitali ndogo ya misheni ya kule Temeke. Walikuwa wamepiga Ijumaa asubuhi, wakachukua programu ya duka la dawa, ile inayokokotoa dozi kwa uzito wa mgonjwa na kuchapa lebo ya kubandika kwenye chupa.

Hamisa aliijua vizuri sababu ya programu ile kuwa na toleo la pili, kwa kuwa toleo hilo alilitengeneza yeye. La kwanza lilitoka nje, na lilihesabu uzito kwa ratili. Yeye ndiye aliyelibadili lihesabu kwa kilo, kama mizani ya hapa inavyopima. Sasa muuguzi akimpima mtoto akaona kilo kumi na moja, akaandika kumi na moja, mashine itamchukulia kuwa ni mtoto wa ratili kumi na moja, yaani kichanga cha kilo tano. Lebo ingemwandikia chini ya nusu ya dawa. Na ulikuwa msimu wa malaria, maji yamesimama kila mahali, na dawa iliyokuwa ikitolewa zaidi ni kwinini.

Alipiga simu hospitalini. Ilikuwa imekufa kabisa, haina hata mlio. Akapiga tena, akapiga tena.

Ansbert alifunga mlango wa kuelekea kwa Demetria. Alikuwa na hofu yake mwenyewe, na ilimfanya aseme maneno ambayo baadaye hakupenda kukumbushwa. Alisema kwanza warudishe programu ya zamani ya kutafuta, jambo lililokuwa sahihi, na wakalifanya pale pale. Halafu akasema hospitali wakipiga tena watapata toleo jipya bila kujua kilichotokea, na mambo yatakuwa yamejirekebisha. Huenda hata hawakuitumia. Kwa nini kuwatia watu hofu kwa jambo lisilo na hakika?

"Kaka Ansbert," alisema Hamisa, "mie naenda Temeke. Kama hunipeleki, nitakwenda kwa miguu."

Ansbert akachukua funguo za pikapu.

Jangwani hapakupitika. Walizunguka mjini, na kila makutano yalikuwa na maji na magari yaliyozimika. Ansbert aliongea njia nzima. Alimwomba asiseme mbele ya watu, amwite mhusika pembeni, atumie neno hitilafu. Hamisa aliyasikia kama mtu anayesikia redio ya jirani. Akilini mwake alikuwa anagawanya. Mtoto wa kilo nane. Mtoto wa kilo kumi na nne. Kila mtoto aliyempitia akilini alikuwa na uso, ingawa hakuwahi kumwona.

Hospitalini Ansbert alibaki kwenye gari. Hakusema kwamba hataingia. Aliendelea tu kushika usukani hali gari limezimwa.

Msimamizi wa duka la dawa alikuwa muuguzi wa makamo aitwaye Sesilia, mwenyeji wa Ndanda, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi. Kompyuta yake ilifunikwa nailoni kwa sababu paa lilivuja. Nje ya dirisha lake foleni ya akina mama na watoto ilikuwa imejikunja hadi kwenye ngazi.

"Shikamoo, sista," alisema Hamisa.

"Marahaba. Panga foleni, binti."

Hamisa alieleza kwamba ametoka Kinondoni, kule zinakotoka programu. Alikuwa amepanga maneno, lakini alipofungua kinywa maneno yale hakuyaona. "Sista, programu mliyochukua Ijumaa inatoa dozi nusu. Kosa ni langu. Nataka kujua mmeitumia kwa watoto wangapi."

Sesilia aliweka chini chupa aliyokuwa ameishika, taratibu, kana kwamba ingeweza kupasuka. Kisha akamwita mwenzake ashike dirisha, akamvuta Hamisa ndani.

Umeme ndio uliokuwa umewaokoa wengi. Ulikatika Ijumaa mchana na haukurudi hadi asubuhi ile ya Jumanne, na kompyuta ilikuwa haijawashwa tena. Siku zote hizo Sesilia alikokotoa mwenyewe kwa kalamu. Waliolazwa walikuwa kwenye dripu, na hao daktari huwapigia hesabu peke yake. Lebo za kompyuta zilibandikwa Ijumaa asubuhi tu, kwenye chupa za watoto walioruhusiwa kwenda nyumbani kumalizia dawa. Sesilia alitoa kadi zao akazisoma kwa sauti ndogo. Walikuwa wachache, na karibu wote wa Mtoni, Keko na Tandika. Aliwatuma wahudumu saa ileile, kila mmoja na chupa mpya na maneno ya kumwambia mama.

Kadi moja aliibakiza mkononi. Mtoto aliitwa Mauwa, wa miaka mitatu. Mama yake, Mwanabaraka, alikuwa amekuja kumtembelea dada yake Mtoni, mtoto akaugulia huko. Walipopewa dawa walisema wanarudi kwao Kimbiji.

"Na huyu wa huko ni nani atakayemfuata?" alisema Sesilia, na halikuwa swali hasa.

Hamisa alisema gari lipo nje.

Walikwenda watatu, Sesilia katikati, mkoba wa sindano mapajani. Walipofika Kongowe waliacha lami, na kutoka hapo barabara haikuwa barabara. Matairi yalitafuta udongo mgumu yakaukosa. Mahali pengine mto ulikuwa umekata njia, na Ansbert alishuka na viatu vyake vya ofisini, akaingia maji hadi magotini kupima kina kwa mti kabla hajathubutu kuvuka. Mvua ilipungua, ikarudi. Sesilia alisali kimyakimya, midomo ikicheza. Hamisa hakuweza hata kusali. Kila alipoanza, hesabu iliingia kati. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, kila siku mtoto anakunywa dawa isiyofika, na mama anaona chupa inapungua na moyo wake unatulia, maana mashine ndiyo iliyoandika.

Gari lilinasa kabla ya kijiji. Wakaliacha, wakaenda kwa miguu kati ya minazi, wakiuliza. Mzee mmoja aliyekuwa akifua nazi aliwaonyesha nyumba kwa mkono, kisha akawauliza kama wamekuja kwa habari ya mtoto. Sesilia akaitikia kwamba ndiyo. Mzee akatikisa kichwa na kurudi kwenye nazi zake, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumuuliza kichwa kile kilimaanisha nini.

Nje ya nyumba waliwaona wanawake wameketi juu ya mkeka, khanga zimefunika vichwa, hawazungumzi. Hamisa alisimama. Alijua mkeka wa namna ile unatandikwa lini. Aliona Sesilia akimpita, akabisha hodi, akainama kuwasalimia wanawake wale mmoja mmoja. Ilichukua muda mrefu sana, au ndivyo alivyoona yeye, mpaka Sesilia alipogeuka na kumwita kwa mkono.

Mtoto alikuwa hai. Wanawake walikusanyika kwa sababu alikuwa ameshikwa na degedege asubuhi ile, mara mbili, na walikuwa wakimngoja mtu aliyekwenda kumwita mganga. Ndani palikuwa na giza na harufu ya ubani. Mauwa alilala kwenye kitanda cha kamba, mdogo kuliko Hamisa alivyomfikiria njiani, macho nusu wazi yakiangalia mahali pasipo na kitu. Kwenye sanduku kando ya kitanda ilisimama chupa ya dawa, na juu ya chupa ile lebo iliyochapwa vizuri, herufi zake safi, namba yake wazi. Hamisa alijua namba ile imetoka wapi.

Sesilia alifanya kazi haraka. Alimpima joto, akamchoma sindano, akamlowanisha kwa kitambaa. Alimweleza Mwanabaraka kwamba mtoto lazima arudi hospitali sasa hivi, na Mwanabaraka, mwanamke kijana mwenye macho yaliyochoka, hakubisha. Alimbeba mwanawe mwenyewe hadi kwenye gari na hakukubali kupokewa. Wanaume wa kijiji walikuja kulinasua.

Walipanga wakae hivi: Sesilia mbele na Ansbert, Hamisa na mama nyuma chini ya turubai, mtoto mapajani mwa mama, Hamisa akiwa ameshika turubai lisiwapige. Walipovuka ule mto, Mwanabaraka aliuliza jambo ambalo hakuna aliyemwambia.

"Nyie mmejuaje? Mie sikumtuma mtu."

Mbele, Sesilia hakuweza kusikia. Hamisa angeweza kusema kwamba hospitali inafuatilia wagonjwa wake, na Mwanabaraka angeamini, angewashukuru. Maneno hayo yalikuja hadi kwenye ulimi.

"Ile dawa uliyopewa ilikuwa kidogo," alisema. "Inayopima ni mashine. Aliyeifanya mashine ikosee ni mimi. Nilitaka iwe ya haraka, nikaiharibu, sikujua. Nimejua leo."

Mvua iligonga turubai. Mwanabaraka hakulia wala hakupaza sauti. "Nilikuwa nampa kwa kijiko," alisema. "Kila mara nasoma kwanza. Naangalia nisizidishe."

Mpaka walipofika Hamisa alikaa umbali wa mkono kutoka kwa mtoto, akisikiliza kila pumzi, akiogopa kwamba inayofuata haitakuja.

Mauwa alikaa wodini zaidi ya wiki. Wale wengine wa Mtoni, Keko na Tandika walipatikana, mmoja akiwa amezidiwa kidogo, wengine homa tu. Mauwa naye alipona. Alianza kula, akaanza kutembea akishika kuta. Lakini mama yake ndiye wa kwanza kugundua kwamba akiitwa kutoka upande wa kushoto hageuki. Daktari alimpima, akasema sikio hilo halisikii. Huenda ni malaria yenyewe iliyopanda kichwani, huenda ingetokea hata kwa dozi kamili. Hamisa alimuuliza kama ingewezekana isitokee. Daktari alisema mtu mwaminifu hawezi kulijibu swali hilo, wala yeye hatalijibu.

Hamisa alikwenda wodini karibu kila siku. Mwanabaraka hakumfukuza na hakumkaribisha. Alimwachia sehemu ya kukaa kwenye benchi. Siku ya kuruhusiwa alimwambia maneno machache tu: kwamba ukweli ameusikia kutoka kwake kabla ya kuusikia kwa mtu mwingine, na hilo analijua; lakini asije Kimbiji mpaka atakapoitwa. Hamisa alikubali.

Kinondoni, programu ya zamani iliendelea kusoma faili zima, polepole, na simu ziliendelea kukatika. Wateja walilalamika. Ansbert hakumhimiza. Alikuwa amekwenda mwenyewe hospitali kumwomba radhi Sesilia, na aliporudi alikuwa mtu wa maneno machache. Ni Hamisa aliyerudi kwenye faharasa, kwa kuwa alijua kwamba hata ule ukawiaji wa mashine ulikuwa na hatari yake. Kuna zahanati zilizokuwa zikishindwa kabisa kupata programu zilizozihitaji.

Safari hii aliiandika faharasa ishike jina la mwisho. Akaandika na programu nyingine ambayo kazi yake ni kutoamini: inachukua kila jina lililomo ndani ya faili, inalitafuta kwa njia mpya, inalitafuta kwa njia ya zamani, na majibu yakitofautiana hata mara moja, njia mpya haifunguki. Aliiacha ikimbie mwishoni mwa wiki nzima. Hakuna tofauti iliyoonekana. Aliikimbiza tena. Ansbert aliongeza vifurushi vipya kwa makusudi, vya majina yaleyale, na alivipanga ovyo ili aitege. Haikutegeka. Alimwambia sasa inatosha. Hamisa akasema bado.

Waliiwasha siku ya jua, mvua zilipokwisha. Jambo la kwanza alilofanya Hamisa ni kumpigia Sesilia, akamwomba achukue programu ya dawa upya, kisha asikate simu. Kifurushi kilifika mara moja. Sesilia alisema sasa anakiona kwenye skrini, na kwamba hata hakupata muda wa kuvua miwani aifute.

"Sista, andika mtoto wa kilo kumi na moja, kwinini. Nisomee lebo inasemaje."

Sesilia alisoma. Hamisa alikuwa na hesabu yake kwenye karatasi mbele yake, aliyoipiga kwa mkono. Zililingana. Demetria, aliyekuwa mlangoni, aliona mabega ya Hamisa hayakushuka.

"Sasa wa kilo saba."

Sesilia alisoma. Zililingana.

"Wa kilo kumi na nne. Samahani, sista, najua una foleni."

"Foleni itangoja," alisema Sesilia.

Akaandika, akamsomea polepole, tarakimu moja moja, na Hamisa akazifuata kwa ncha ya kalamu. Sesilia alipofika mwisho, Hamisa alimwomba amsomee tena tangu mwanzo.